Chaja ya betri kwa boti inayolala gatini

Mwenye boti akinipigia kuhusu chaja, swali la kwanza huwa hilo hilo: "Fundi, ninunue ya ampea ngapi?" Si swali baya, ila mimi hulijibu mwisho. Boti ikirudi jioni ikafungwa gatini na kuchomekwa umeme mpaka kesho, au mpaka msimu mwingine wa wageni, chaja ina usiku kucha wa kufanya kazi yake. Haraka ya nini? Ninachotaka kujua mimi ni kwamba, betri ikishajaa, hiyo chaja itafanya nini?

Vyombo vingi hapa Lamu hutia nanga tu, na betri zao hulishwa na injini au kipande cha sola. Leo nazungumza na wenye gati lililovutiwa umeme, kule Shela na Manda hasa. Boti za namna hii huwa na redio, GPS, taa, pengine na friji, na juu ya yote pampu ya ngama, kule chini ya boti maji yanakokusanyika, inayojiwasha maji yakipanda. Mvua za masika zikimwagika usiku na mwenyewe yuko Nairobi, hakuna mwingine wa kufua maji isipokuwa hiyo pampu. Betri ikifa, boti inazama.

Sasa tuje kwa ile chaja ya gereji, boksi la bati lenye sindano na vibanio viwili, chekundu na cheusi. Ndani mna transfoma na dayodi, basi. Haijui betri imejaa wala haijajaa. Volti za ukutani zikipanda, nazo za betri zinapanda. Kwa gari lililokataa kuwaka asubuhi, iko sawa, maana fundi amesimama pale pale na ataichomoa. Iache kwenye boti wiki nzima uone: betri imefura mbavu, ukifungua vifuniko maji yamekauka, sahani za risasi ziko wazi, na harufu ya yai viza imejaa chumbani. Pamoja na harufu hiyo hutoka haidrojeni, ambayo haina harufu, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Kwenye boti ya petroli sihitaji kusema zaidi.

Chaja inayofaa hupika kwa hatua tatu, kama wali: moto mkali kwanza, halafu wa wastani, mwisho kupalia. Kwanza inasukuma ampea zake zote mpaka betri ya volti 12 ifikie kama volti 14.4. Halafu inashikilia hapo huku ampea zikipungua zenyewe. Betri ikishajaa, inashuka mpaka volti 13.5 hivi na kubaki hapo, ikifidia kile betri inachopoteza na kile pampu inachokula. Hatua hii ya tatu ndiyo unayoinunua. Duka likikuambia chaja "inajizima ikijaa", uliza kama itajiwasha tena betri ikishuka, maana zipo zinazojizima moja kwa moja na kuiacha pampu yako inamaliza betri polepole.

Joto nalo usilidharau. Vipimo hivyo vyote vimeandikwa kwa betri yenye nyuzi 25, na chumba cha betri kwenye boti ya faiba wakati wa kaskazi, jua la saa saba, kinafika 40 bila shida. Betri ya risasi inataka volti chini kadiri inavyopata joto: miliivolti 3 hadi 5 kwa kila seli, kwa kila nyuzi moja. Chukua 4. Seli ziko 6, nyuzi zimezidi 15, kwa hiyo ni volti 0.36 za kupunguza. Inaonekana kidogo, lakini huo ndio umbali kati ya kuitunza betri na kuikaanga polepole. Kwa hiyo tafuta chaja yenye waya wa kihisi joto unaobanwa kwenye betri yenyewe. Kihisi kilicho ndani ya chaja kinapima joto la chaja, na hiyo siyo habari tuliyoitaka.

Jambo jingine ambalo vitabu vya wazungu haviligusi sana ni umeme wetu. Unakatika, unarudi, tokeni zinaisha usiku wa manane. Kuna chaja ambazo umeme ukirudi hukaa kimya mpaka mtu abonyeze kitufe. Hizo ziache dukani. Kuna nyingine ambazo kila umeme ukirudi huanza upya, na kushikilia volti 14.4 kwa saa zilizopangwa hata kama betri ilikuwa imejaa. Umeme ukikatika mara nne kwa siku, betri inachemshwa mara nne. Chaja yenye akili huangalia ampea inazonywa betri, na ikiona hainywi kitu inashuka yenyewe.

Aina ya betri lazima ilingane na mpangilio wa chaja. Betri ya maji inavumilia kuliko zote, mradi uiongezee maji yaliyotoneshwa. Maji ya jabia hapana, na maji ya Shela, pamoja na utamu wake kwenye chai, hapana vilevile. Betri ya jeli haitaki zaidi ya volti 14.1 au 14.2, ukiizidishia inatengeneza mapovu ndani ambayo hayatoki tena. AGM, ile iliyofungwa ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, iko karibu na ya maji, ila ukiikausha huwezi kuifungua ukaongeza. Lithiamu ya fosfeti inataka chaja yenye mpangilio wake kabisa, bila ile hatua ya "kufufua betri" inayopandisha volti mpaka 15 au 16. Boti yenye betri ya kustati na betri ya matumizi inunulie chaja yenye njia mbili, kila betri na yake.

Haya, ampea. Kwa betri za risasi, asilimia 10 ya ukubwa wa betri inatosha, 20 ukiwa na friji. Betri mbili za Ah (ampea-saa) 100 zilizounganishwa sambamba ni Ah 200, kwa hiyo chaja ya ampea 20. Kutoka ukutani itavuta kama ampea moja na nusu kwa volti 240, mzigo mdogo kabisa.

Mzigo ni mdogo, lakini waya wenyewe ndio unaonitia wasiwasi. Nimeona waya wa ekstensheni wa ndani ya nyumba umelazwa juu ya mbao za gati, soketi ikining'inia, na bamvua likija maji yanailamba. Weka plagi ya buluu ya viwandani yenye kifuniko, na swichi ya uvujaji ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja, huko ulikotoka umeme. Waya wa ardhi usiukate. Najua kwa nini watu huukata: ukishachomeka, waya huo unaunganisha chuma cha boti yako na cha boti ya jirani na vyuma vya gati, na maji ya chumvi yakikamilisha mzunguko, zinki za injini, vile vipande vinavyowekwa viliwe badala ya injini, zinaliwa haraka ajabu. Dawa yake ni kifaa cha kuzuia mkondo huo mdogo, kinachofungwa kwenye waya wa ardhi, au transfoma ya kutenganisha ukiwa na uwezo. Ukiukata, hitilafu ndogo kwenye chaja inaweza kupita kwa mtoto anayeogelea pembeni.

Ifunge chaja juu, mbali na ngama, isiwe juu ya betri kabisa ambako mvuke wa asidi unapanda. Fyuzi iwe karibu na betri. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, maana shaba tupu kwa hewa yetu inageuka kijani mpaka ndani ya ganda.

Ukishafunga, iache usiku mmoja, asubuhi upime kwa mita bila kuchomoa. Ikisoma 13.2 mpaka 13.6, kunywa chai yako. Ikiwa bado iko 14.4 na betri ililala imejaa, irudishe dukani risiti ikiwa bado mfukoni.