Kupitishwa na IEBC si cheti cha usafi

"Angekuwa mwizi, IEBC isingempitisha." Msimu wa kampeni za kaunti nchini Kenya, kauli hii kuhusu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) huzima mabishano kwa kinyozi, mashine ikiwa bado hewani, pindi mtu anapohoji tabia ya anayetaka ugavana au udiwani. Ni kauli tamu, ila haina mashiko.

Ni kweli Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inadai uadilifu. Lakini kisome Kifungu cha 193, kinachoweka sifa za wawakilishi wadi (na kupitia Kifungu cha 180, za magavana pia). Anayezuiwa ni, kwa mfano, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, au aliyepatikana na hatia ya kutumia vibaya ofisi ya umma. Tena hazuiwi mpaka njia zote za rufaa ziishe. Mwenye kesi, hata aliyehukumiwa akakata rufaa, anaweza kuwa kwenye karatasi ya kura kihalali kabisa. Na ile fomu ya uadilifu ambayo mgombea huwasilisha? Huijaza mgombea mwenyewe! Jinsi alivyosimamia hela za mradi wa maji kijijini haimo humo.

Mtazame Mike Sonko. Seneti ilimwondoa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, lakini alipigania nafasi ya kuwania Mombasa hadi Julai 2022, Mahakama ya Juu ilipotupa rufaa yake dhidi ya kuondolewa huko, wiki chache tu kabla ya kura ya Agosti 9.