Meli mbili za Karibi na mbili za kwetu

Kila muhula nikifika kwenye somo la makoloni ya visiwani, huwa natoa mfukoni shilingi ya mwaka 1952 aliyoniachia nyanya. Simba amesimama mbele ya milima, na pembeni pameandikwa Afrika Mashariki. Hakuna Kenya, hakuna Uganda, hakuna Tanganyika. Wanafunzi wangu hapa Kisumu huipokezana na kuipima kwa kiganja, ndipo naanza habari za Karibi.

Tarehe 3 Januari 1958, makoloni kumi ya Uingereza yaliungana kuwa Shirikisho la West Indies, yakitaraji kupata uhuru kwa pamoja. Serikali yenyewe ilizaliwa mikono mitupu. Kwa miaka mitano ya kwanza haikuruhusiwa kutoza kodi ya mapato, ikawa inaishi kwa michango ya visiwa. Tena vigogo wawili, Norman Manley wa Jamaica na Eric Williams wa Trinidad, hawakugombea ubunge wa shirikisho. Uwaziri mkuu ukamwangukia Grantley Adams wa Barbados. Kwa maoni yangu nyumba ilianza kuinama hapo, kabla hata ya kura ya Jamaica.

Jamaica ilikuwa na zaidi ya nusu ya watu wote, na wengi wao waliogopa kubebeshwa visiwa maskini. Septemba 19, 1961, asilimia 54 ya waliopiga kura ya maoni walitaka kutoka. Williams akapiga hesabu yake maarufu: kumi ukitoa moja, inabaki sifuri. Mei 31, 1962 shirikisho likavunjwa, na Agosti ya mwaka huohuo Jamaica na Trinidad na Tobago zikapata uhuru, kila moja kivyake.

Wengi hufunga somo hapo. Mimi huwaambia wanafunzi wasikunje daftari, kwa sababu Canada ilikuwa imevipa visiwa zawadi ya meli mbili, Federal Palm na Federal Maple. Shirikisho lilipokufa, meli hazikugawanywa. Ziliendelea kubeba abiria na mizigo kati ya Trinidad na Jamaica kupitia visiwa vidogo, huku zimeandikwa ubavuni Federal, yaani "ya shirikisho", jina la serikali ambayo haipo tena. Chuo kikuu kilichoanzia Mona, Jamaica, mwaka 1948 kiliendelea kuwa cha wote, na timu ya kriketi vilevile. Viongozi walipokutana Chaguaramas, Trinidad, tarehe 4 Julai 1973 kutia saini mkataba wa CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibi, palikuwa na kitu cha kushikia.

Visiwa vidogo vilienda mbali zaidi. Trinidad na Barbados zilijitoa katika sarafu ya pamoja, lakini vyenyewe viliishikilia, na tangu 1976 dola yao hubadilishwa kwa 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Juni 18, 1981 saba kati yao vilianzisha jumuiya yao mjini Basseterre. Antigua ilikuwa bado haijapata uhuru, Saint Kitts na Nevis ilibakiza miaka miwili, na Montserrat hadi leo iko chini ya Uingereza. Hawakusubiriana kwanza wote wawe na bendera, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika historia yao.

Sisi sarafu yetu ya pamoja tuliiacha mwaka 1966, kisha 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na vyombo vyake vikagawanywa: reli, ndege, hadi meli za ziwani. Zilikuwepo mbili za mchoro mmoja, za kubeba mabehewa ya treni, zinazoingiza reli hadi tumboni. Uhuru ilibaki Kenya. Umoja ikawa ya Tanzania.

Muhula huu niliwapeleka wanafunzi bandarini waione Uhuru. Wakati tunarudi kwenye lango, msichana mmoja ambaye shilingi ya nyanya bado ilikuwa mkononi mwake akaniuliza, "Mwalimu, na Umoja iko wapi?"

Nikamwonyesha kusini, ng'ambo ya maji. "Mwanza."