Vumbi la sakafuni: tunayoamini na yaliyopo

"Vumbi la Mwanza linatoka barabarani." Mengine, ndiyo. Lakini zoa lile la chini ya kitanda ulitazame: nyuzi za nguo, ngozi iliyopukutika mwilini, manyoya ya paka, vipande vya mende, na utitiri, mdudu asiyeonekana kwa macho. Mchanga hukereketa koo tu. Mzio huchokozwa na protini za viumbe hao.

"Nafagia kila asubuhi, inatosha." Hapa ndipo tunapojiroga wenyewe. Kinyesi cha utitiri ni punje nzito kidogo; chumba kikitulia, zinashuka sakafuni upesi. Ufagio mkavu unaziamsha. Darasani watoto wanafagia huku wakikohoa, kengele inalia, wanakaa palepale kuvuta walichokitimua. Bibi aliyenyunyiza maji kabla ya kufagia alijua alichokuwa akifanya. Kupiga deki ni bora zaidi.

"Kwangu ni vigae, hakuna zulia." Umepunguza, hujamaliza. Makao makuu ya utitiri ni godoro na mto. Mdudu mwenyewe ana urefu wa kama milimita 0.3, anakula ngozi tunayopukutisha, na hanywi: anafyonza unyevu wa hewani, ndiyo maana masika humstawisha. Wala haumi. Ukiamka na vipele vilivyojipanga mstari, tafuta kunguni. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki, kwa maji ya nyuzi joto 60 ukiweza. Kuanika godoro juani kunalikausha na kumpunguza mdudu, ila kinyesi chake kinabaki humo mpaka likung'utwe, huko huko nje, na asiye na pumu.

"Mende nimewapulizia dawa, wamekwisha." Mizoga na kinyesi chao vinaendelea kuleta mzio miezi kadhaa. Futa nyuma ya kabati.

"Shuleni hakuna paka." Manyoya yake yapo, kwenye masweta ya watoto wenye paka nyumbani.

La mwisho ni letu sisi wa ziwani: wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama moshi, wakajaa kwenye taa za Kirumba na Igogo hapa Mwanza. "Hawaumi, kero tu." Kweli hawaumi. Ila damu ya jamii nyingi za wadudu hao ina protini inayoleta mzio, na kule Sudani, kando ya Nile, ndugu zao wamejulikana miaka mingi kwa kusababisha pumu. Wakikauka barazani na kukanyagwa wanakuwa unga. Wazoe alfajiri kwa tambara bichi, kabla watoto hawajaamka.