Chura hakubusiwa

Jumamosi nilialikwa kicheni pati, ukumbi wa kando ya ziwa, Nyegezi. Mama mmoja akapewa kipaza sauti, akamgeukia bibi harusi: “Mwanangu, binti mfalme alimbusu chura, chura akawa mwanamume. Nawe mpokee mumeo na ubaya wake, atabadilika.” Vigelegele. Binti kainamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la kitenge. Nafundisha fasihi simulizi, na nasaha hii nimeisikia mara nyingi mno.

Kwanza, chura hakubusiwa. Katika mkusanyo wa ngano wa ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, 1812, binti anakasirika chura anapodai kulala kitandani kwake, anambamiza ukutani. Hapo ndipo anageuka mwana wa mfalme.

Linaloniudhi hasa ni hilo neno “ubaya”. Kiswahili chetu humwita mbaya mwenye sura ya kutisha, na mpiga mke naye tunamwita mbaya. Ngano hazichanganyi hayo mawili. Lile zimwi la ngano ya Kifaransa ya Mrembo na Zimwi, katika masimulizi ya Bi. Beaumont ya 1756, kila usiku linamuuliza binti anayekaa kwake kama atakubali kuolewa nalo. Kila usiku anakataa. Zimwi linashusha pumzi, linaaga, linakwenda zake. Binti akiomba kwenda kumwona baba yake mgonjwa, anaruhusiwa. Kasoro ya zimwi ilikuwa sura. Tabia yake haikuwa na cha kuvumiliwa.

Katika hadithi ya Kiingereza ya karne ya 15, Gawain anamwoa Ragnelle, mwanamke wa kuchukiza kumtazama. Usiku wa harusi Ragnelle anamtaka achague: mke awe mzuri usiku na mbaya mchana, au mzuri mchana na mbaya usiku. Gawain anamwambia achague mwenyewe. Uchawi uliomharibu sura Ragnelle unatanguka palepale, kwa sababu mtu kaachiwa hiari yake. Bibi harusi wa Nyegezi alikuwa anaambiwa aiache yake.

Kuna mahali hadithi hizi zinanishinda. Kama zimwi na Ragnelle walikubaliwa jinsi walivyo, mbona mwishoni lazima wageuke wazuri wa sura? Wenzangu husema ni ishara ya utu wa ndani. Halinitoshi jibu hilo: bado uzuri wa sura ndio unaotolewa zawadi. Na yule binti alikwenda kwa zimwi kulipia kosa la baba yake. Hiari yake ilianzia wapi?

Siku hizi nikiwasimulia watoto wa mtaani kwetu habari za Ragnelle, naishia Gawain anaposema, “Chagua wewe.” Wananing’ang’ania hadi mlangoni, wanataka kujua alichagua nini.