Kazi nzuri ya sanaa ya leo ni ipi?

Tunaposema "sanaa ya kisasa" tunachanganya vitu viwili. Kuna sanaa ya usasa, iliyochipuka Ulaya karne ya 19 na kutawala hadi miaka ya 1960 hivi, na kuna sanaa ya leo, iliyokuja baada yake. Makala haya yanahusu hiyo ya pili, ile inayowafanya watu waulize, "Hii nayo ni sanaa?"

Kipimo chake si kufanana na kitu wala kupendeza machoni. Tazama kama malighafi, ufundi na jambo linalosemwa vimeshikana, kiasi kwamba ukibadilisha kimoja kazi nzima inalegea.

Chukua picha za Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Anatumia rangi ya mafuta, lakini badala ya kanvasi huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kutoka Uganda. Gome huchunwa, likapondwa kwa nyundo za mbao hadi lilainike na kutanuka, palipotoboka hushonwa. Baganda wamekitumia tangu zamani, pamoja na kuzikia wafu. Kikivutwa kwenye fremu hakitulii: hapa tundu, pale mshono, huku kinene, kule chembamba. Ukisogea karibu unaweza kukuta mshono umepita katikati ya umbo la mtu, na mchoraji hakuuficha. Ihamishie picha hiyohiyo kwenye kanvasi laini ya dukani: sura zitabaki, lakini kovu na kumbukumbu ya maziko vitakuwa vimeondoka.

Lubugo yenyewe haitoshi. Bidhaa za watalii nazo hutengenezwa kwa lubugo, na nyingi zingebaki vilevile kwenye kadibodi. Kosa jingine, tena limezagaa, ni kazi inayotegemea maelezo ya ukutani: aya tatu kuhusu uhamiaji, na mbele yako kiti kitupu. Ukubwa nao hudanganya. Kitu cha mita sita hutisha kwanza, kisha hakina la kuongeza.

Kwa hiyo simama dakika tano kabla ya kusoma kibandiko. Tazama ukiwa mbali, sogea hadi uone nyuzi, rudi nyuma tena. Ndipo usome. Na usihukumu kwa picha ya simu: humo tundu za lubugo huonekana kama madoa tu.