Kwa nini mkono wa haramia ulikuwa na bei?

Je, wajua kwamba katika karne ya 17, haramia wa bahari ya Karibi alijua, hata kabla nanga haijang'olewa, atalipwa kiasi gani mkono wake ukikatika? Mkono wa kulia ulikuwa reale 600, yaani zile sarafu kubwa za fedha za Kihispania (pieces of eight), wa kushoto 500. Mguu wa kulia 500, wa kushoto 400. Jicho 100, na kidole kimoja 100 vilevile.

Bei hizo aliziandika Alexandre Exquemelin, tabibu aliyesafiri na maharamia hao, katika kitabu kilichotoka Amsterdam mwaka 1678. Anasema kabla ya safari watu walikaa kikao wakaandikiana mkataba. Ngawira ikipatikana inawekwa pamoja. Analipwa kwanza seremala aliyetengeneza chombo, na tabibu, reale 200 au 250 pamoja na sanduku lake la dawa. Kisha majeruhi. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa: nahodha mafungu matano au sita, baharia moja, kijana nusu. Kijana naye alikuwa na kazi yake: wenzake wakiteka chombo kizuri zaidi na kuhamia humo, yeye ndiye anayekichoma moto kile cha zamani. Ngawira isipopatikana, hakuna anayelipwa.

Kwa nini wanyang'anyi wajitungie sheria? Kwa sababu hawakuwa na mahakama ya kwenda kushtakiana. Chombo kimejaa watu wenye silaha, na mmoja akiona kapunjwa, ni hatari kuliko adui aliye nje. Tena wengi walitoka kwenye merikebu za biashara, walikochapwa kwa kamba na kukatwa mishahara kwa amri ya nahodha mmoja. Vita vya kugombea ufalme wa Hispania vilipokwisha, miaka ya 1713 na 1714, jeshi la majini la Uingereza liliachisha kazi maelfu ya mabaharia. Kizazi cha maharamia akina Blackbeard na Bartholomew Roberts kilipata watu wake humo.

Kwa Roberts kila mtu alikuwa na kura. Taa na mishumaa ilizimwa saa mbili usiku. Anayetaka kuendelea kunywa, akanywe juu sitahani gizani. Kamari ya pesa marufuku. Wapiga muziki walipumzika siku ya Sabato. Nahodha alichukua mafungu mawili tu, na aliyepoteza kiungo alipewa reale 800.

Mimi naamini mvuto wa maharamia uko hapa, kuliko kwenye kasuku na kitambaa cha jichoni. Hazina za kufukiwa ni hadithi zaidi kuliko mambo yaliyotokea. William Kidd alifukia mali kisiwa cha Gardiners, karibu na New York, mwaka 1699, lakini wengi walitapanya chao bandarini. Kinachotugusa ni yule mtu ambaye nchi kavu hakuna aliyemuuliza neno, na baharini ananyoosha mkono kumchagua nahodha.

Ila orodha ya Exquemelin nimeikata katikati kule juu. Kila bei ina nusu ya pili. Mkono wa kulia: reale 600, au watumwa sita. Mguu wa kushoto: reale 400, au watumwa wanne. Jicho: reale 100, au mtumwa mmoja.

Januari 1722, huko Ouidah, Benin ya leo, nahodha wa merikebu ya watumwa iitwayo Porcupine alikataa kuwalipa watu wa Roberts pesa za kukomboa chombo chake. Waliotumwa kuichoma waliona kufungua minyororo kunachukua muda, wakaiwasha hivyo hivyo, na ndani yake Waafrika wapatao 80 waliofungwa wawili wawili. Walichagua kati ya moto na papa. Mwezi uliofuata Waingereza walimuua Roberts karibu na Cape Lopez, Gabon. Wazungu wa vyombo vyake walipelekwa Cape Coast, Ghana ya leo, wakasomewa mashtaka, na 52 wakanyongwa. Weusi waliokuwa nao hawakusimamishwa mbele ya hakimu. Waliuzwa.