“Tuanzie Serie C kwanza”: dhana potofu kuhusu daraja la tatu la Italia

Dirisha la usajili la Ulaya likikaribia kufunguliwa, simu yangu haitulii. Atapiga mzazi, atapiga kocha wa akademi ya mtaani, atapiga kijana mwenyewe, na maneno ni yaleyale: “Mzee, Serie A tunajua ni ngumu. Sisi tunataka aanzie chini, Serie C, akishaonekana atapanda.” Kazi yangu ni kusimamia mikataba ya wachezaji, na kauli hiyo nimeijibu kwa upole hadi upole umeisha. Naiandika hapa ili anayepiga tena asome kwanza, ndipo tuongee.

“Serie C ni rahisi kuingia kuliko Serie A”

Kwa Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mkongo mwenye pasipoti ya nchi yake tu, mambo ni kinyume kabisa. Shirikisho la soka la Italia, FIGC, haliruhusu klabu ya Serie C kumsajili raia wa nchi iliyo nje ya Umoja wa Ulaya akitokea nje ya Italia. Hata kama ana kipaji cha kutisha, hata kama kocha wa huko amempenda kwenye video, hata kama rais wa klabu ni rafiki wa mjomba wake. Klabu za Serie A ndizo zenye nafasi za wachezaji wa aina hiyo, nazo ni chache kwa msimu na zina masharti yake. Kwa hiyo huyo anayekwambia “tushuke daraja ili iwe rahisi” anakutoa kwenye mlango mwembamba na kukupeleka ukutani.

Najua swali linalofuata, maana huwa linafuata kabla sijamaliza: mbona vikosi vya Serie C vina majina ya Kiafrika tele? Vina, kwa sababu kanuni inamzuia anayetoka nje, haimzuii aliyekwisha kusajiliwa ndani ya Italia. Wengi wa hao unaowaona walizaliwa au walikulia kule, wazazi wao ni wahamiaji. Wengine waliingia kupitia akademi za klabu za juu, kisha wakatolewa kwa mkopo. Wapo pia waliofika wakiwa watoto wakimbizi. Musa Juwara wa Gambia alivuka bahari kwa boti mwaka 2016 akiwa mtoto asiye na mzazi pembeni, akacheza kwenye timu ndogo ya kusini iitwayo Virtus Avigliano, akachukuliwa na Chievo, na Julai 2020 akaifungia Bologna bao dhidi ya Inter pale San Siro. Ni habari ya kweli, na sitaki kusikia mtu akiitaja mbele yangu kama mpango. Bahari ile imemeza vijana wengi kuliko iliowafikisha uwanjani.

Na Waargentina na Wabrazili wa Serie C? Tazama pasipoti zao. Wengi wana uraia wa Italia kwa damu ya mababu, hivyo wanahesabiwa kama Waitaliano. Mwaka 2025 Italia imeubana hata mlango huo: siku hizi ukoo wa kudai uraia unaishia kwa mzazi au kwa babu na bibi.

Sababu ya kanuni si siri. Serie C inatakiwa iwe shamba la vijana wa Kiitaliano. Klabu hupata mgawo wa fedha kulingana na dakika ambazo vijana wanaostahili wamecheza, na tangu msimu wa 2025/26 mageuzi yaliyopewa jina la Gianfranco Zola, nyota wa zamani wa Italia, yanaelekeza fedha zaidi kwa klabu inayochezesha vijana iliowalea yenyewe. Zola anajua anachosema, maana naye alitokea Torres ya Sardinia kabla ya Napoli kumnunua mwaka 1989. Sasa mkurugenzi wa klabu ndogo inayohesabu kila euro, umwambie aache kijana wake anayemletea mgawo, amfuate winga wa Temeke ambaye kanuni haimruhusu kumsajili?

Hata klabu ya Serie A ikimtaka kijana wako kweli, bado kuna foleni ya karatasi. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa mianya michache sana. Kamati ya Olimpiki ya Italia, CONI, lazima itoe idhini kwa jina la mchezaji, na idhini hizo zina idadi yake kwa mwaka. Kisha viza ya kazi, kisha hati ya uhamisho wa kimataifa, ITC. Hakuna hata hatua moja hapo inayomalizwa na kijana akiwa hotelini Milano na viza ya utalii.

Ndipo tunafika kwenye ile barua. Huwa naletewa kwenye simu, imepigwa picha upande: nembo ya klabu juu, ikiwa na ukungukungu kama iliyochukuliwa mtandaoni, “mwaliko wa majaribio”, sahihi ya mtu ambaye cheo chake hakieleweki, na chini barua pepe ya bure ambayo mimi na wewe tunaweza kuifungua sasa hivi. Halafu kiasi cha fedha cha “kushughulikia majaribio”. Mimi naangalia mambo matatu tu. Klabu hiyo bado ipo? Ninaposema ipo namaanisha ipo, maana zinakufa kila kiangazi. Iko daraja gani msimu huu? Na huyo wakala yumo kwenye orodha ya FIFA ya mawakala wenye leseni, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama bure? Barua nyingi haziponi swali la kwanza. Na anayetaka ada ya majaribio, sihitaji kuuliza hata hayo matatu.

Mtu akiniuliza “sasa tupite wapi?”, namrudisha kwa waliopita. McDonald Mariga hakuanzia daraja la tatu la Italia. Alitoka Kenya akaenda Sweden, akacheza Helsingborg, ndipo Parma ikamchukua mwaka 2007, na mwaka 2010 akawa mchezaji wa Inter. Mbwana Samatta alijijenga TP Mazembe kule Lubumbashi, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Wote wawili walikwenda kwenye ligi ambazo kanuni zake ziliwaruhusu kusajiliwa. Ushauri wangu ambao watu wamechoka kuusikia: kabla hujauliza ligi fulani ina ushindani kiasi gani, uliza kanuni yake ya wageni inasemaje.

“Serie C ni ligi ya ridhaa”

Hapana. Ni daraja la mwisho la soka la kulipwa Italia. Mikataba ipo, kima cha chini cha mshahara kipo kwa makubaliano na chama cha wachezaji, bima ipo. Ridhaa inaanzia Serie D, daraja la nne.

“Ni ligi moja ya timu 20, na Kundi A ndilo la wakali”

Ni klabu 60 katika makundi matatu ya timu 20, A, B na C, na herufi hazina uhusiano wowote na ubora. Mgawanyo ni wa kijiografia kwa sehemu kubwa: kaskazini, katikati, kusini. Kundi C la kusini limebeba Bari, Palermo, Catania, Avellino, Foggia na Benevento kwa nyakati tofauti, na kucheza ugenini Catania usiku si jambo la kumtakia beki wa miaka 19. Wanaocheka “timu ya Serie C” wakumbuke Napoli ilikuwa daraja hilo mwaka 2004 baada ya kufilisika, Parma ilipita hapo msimu wa 2016/17, na Palermo ilitoka hapo mwaka 2022.

“Ukimaliza wa pili unapanda”

Wanaopanda moja kwa moja kwenda Serie B, daraja la pili, ni vinara watatu wa makundi, basi. Nafasi ya nne ya kupanda inagombewa kwa mchujo na timu 28: wa pili hadi wa kumi wa kila kundi, pamoja na bingwa wa Kombe la Italia la Serie C. Aliyemaliza juu zaidi anaingia raundi za mbele, na mwanzoni sare inamtosha kusonga mbele, lakini faida inaishia hapo. Msimu wa 2023/24 Torres ilikuwa ya pili Kundi B na Carrarese ya tatu; iliyopanda ni Carrarese. Mwaka uliofuata Ternana ilikuwa ya pili kundi hilohilo na Pescara ya nne. Zikakutana fainali, ikaamuliwa kwa penalti, Pescara ikapanda. Kwa hiyo kifungu cha “bonasi ya nafasi ya pili” kwenye mkataba na kifungu cha “bonasi ya kupanda daraja” ni vitu viwili, na mimi huviandika mbalimbali.

“Timu B za Juventus na wenzake ni za mazoezi tu”

Timu B ni timu ya pili ya klabu kubwa, ya kukuzia vijana. Juventus Next Gen, iliyoanza mwaka 2018, inacheza kwa pointi kama wengine, na mwaka 2020 ilitwaa Kombe la Italia la Serie C. Kuna Atalanta U23, na tangu 2025 kuna Inter U23. Zinaweza kupanda hadi Serie B, ilimradi zisikutane daraja moja na timu mama. Na zinashuka: Milan Futuro ilidumu msimu mmoja tu, ikateremka Serie D mwaka 2025.

“Mkataba wa miaka mitatu ni miaka mitatu”

Hii ni ya wale wachache ambao tayari wako ndani, na inaniudhi karibu sawa na ile ya kwanza. Mkataba unaishi kadiri klabu inavyoishi. Kila Juni klabu inapaswa kuonyesha kwamba imelipa mishahara na kodi, na kuweka dhamana ya benki, ikishindwa, haisajiliwi. SPAL ndiyo iliyoipiga Milan Futuro kwenye mchujo wa kubaki, ikabaki Serie C kwa jasho, halafu wiki chache baadaye ikashindwa kujisajili. Nafasi yake ikachukuliwa na Inter U23. Katikati ya msimu nako si salama: mwaka 2025 Taranto na Turris ziliondolewa Kundi C, matokeo yao yote yakafutwa, msimamo ukaandikwa upya mwezi Machi.

Anayetaka kuiona hali hiyo kwa karibu, atafute mechi ya Cuneo na Pro Piacenza ya Februari 17, 2019. Wachezaji na benchi la ufundi wa Pro Piacenza walikuwa wameshaondoka kwa kutolipwa. Pro Piacenza ilikuwa imeshakosa mechi tatu, ya nne ingeifuta, kwa hiyo ikaanza na wachezaji saba, karibu wote vijana, idadi ya chini kabisa inayoruhusiwa kuanza. Mapumziko ilikuwa 16-0, ikaisha 20-0. Baadaye matokeo yakaandikwa 3-0 mezani na klabu ikatolewa kwenye ligi.

Klabu ikifutwa, wachezaji wanakuwa huru. Neno “huru” linapendeza kwa Mwitaliano aliye kwao. Mgeni ambaye kibali chake cha kukaa kimefungwa na kazi hiyo ana haraka nyingine. Ndiyo maana kabla ya mteja wangu kusaini huwa nauliza kama klabu ilikatwa pointi kwa mishahara misimu miwili iliyopita. Hukumu za kukata pointi hutangazwa hadharani. Ni suala la kutafuta tu.

“Basi aanzie Serie D”

Nilijua mtafika hapa. Serie D ni ya ridhaa, na klabu zake hazileti mtu kutoka Afrika. Humsajili mgeni ambaye tayari ana kibali halali cha kukaa Italia. Viza ya utalii si kibali hicho, na kuomba ibadilishwe ukiwa huko kwa sababu “kuna timu imenipenda” hakutakufikisha popote.